Kura Tatu za Seva ya Mzee

Kila asubuhi saa mbili na nusu, kabla hajavua kofia yake ya sufi, Elkanah aliita majina. Alifungua daftari la jalada gumu, akaandika tarehe, akabonyeza kompyuta mara mbili tatu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kwanza." Kompyuta ilipojibu, aliitikia mwenyewe kwa niaba yake: "Yupo." "Pili." "Yupo." "Tatu." "Yupo." Alitia alama tatu za wino mwekundu, akafunga daftari, na hapo ndipo alipovua kofia na kujimiminia chai kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo kwa basi na treni kutoka Saint Louis Park.

Majina yale yalikuwa ya seva, mashine tatu zilizotunza habari za wagonjwa wetu. Meza yangu ilikuwa kando ya yake, na baada ya wiki mbili nilijikuta siwezi kuanza kazi kabla sijasikia "Yupo" wa tatu.

"Mwalimu, leo kuna mtoro?" Wambui alimwuliza kila alipopita. Wambui alikuwa nesi mkuu, na ofisi nzima ilicheka kila siku kana kwamba mzaha ulikuwa mpya.

"Hakuna, dada. Wote wamefika."

"Watandike tu, wasizoee."

Mwalimu halikuwa jina la heshima pale. Elkanah alifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari kule Nyamira kwa miaka kumi na minne. Alikuja Minnesota kusomea shahada ya pili ya kompyuta akiwa na miaka thelathini na minane, umri uliowafanya wenzake darasani wadhani ni mzazi wa mtu. Alipohitimu alipata kazi kwa Maurice, mwenye kampuni yetu, akamleta mkewe Dinah na binti zao wawili. Kibali chake cha kukaa Marekani kilikuwa na jina la kampuni ya Maurice. Kazi ikiisha, angekuwa na siku sitini za kupata mwajiri mwingine wa kumdhamini au kufunga mizigo, yeye na familia yake.

Ili awe mkazi wa kudumu, ilihitajika barua moja yenye saini ya Maurice. Barua yenyewe ilikwisha kuandikwa. Niliichapa mimi. Ilikaa kwenye droo ya juu ya meza ya Maurice kuanzia mwezi wa Agosti mwaka 2017, ikingoja kalamu. Elkanah alipoulizia, Maurice alisema, "Naiombea, ndugu. Mambo makubwa huombewa." Siku nyingine alipotaka jambo gumu kwa Elkanah, aliitoa barua ile, akaiweka mezani kati yao wakati wakizungumza, kisha akairudisha.

Maurice tulimwita Mzee. Alikuwa mzee wa kanisa tulimoabudu siku ya Sabato, na Elkanah alikuwa shemasi chini yake, kwa hiyo hata siku ya mapumziko Mwalimu alikuwa akimpangia Mzee viti. Maurice alianza maisha hapa akiwaogesha wagonjwa kwa mikono yake. Sasa alikuwa na wahudumu sabini, Wakenya na Wakongo, waliokwenda kuwahudumia wazee majumbani kutoka Saint Paul hadi Woodbury na kwingineko. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, University Avenue, na treni ilipopita glasi za maji zilitikisika kidogo.

Mhudumu alipofika kwa mgonjwa alifungua simu, na simu ilimwonyesha la kufanya: mwogeshe, mpe kidonge hiki, mchome sindano kiasi hiki. Maagizo hayo yalitoka kwenye seva. Kiangazi kile seva ilikuwa moja tu, na iliwekwa katika kabati karibu na choo. Ikafa kwa joto. Kwa siku mbili wahudumu walikwenda kwa kubahatisha. Babu mmoja aliogeshwa mara tatu kwa siku moja na watu watatu tofauti, na jirani yake hakuogeshwa kabisa. Wambui aliwasimulia watu kanisani mpaka wakafutana machozi kwa kucheka.

Ndipo Elkanah akaambiwa atengeneze kitu kisichokufa.

Alikitengeneza kwa wiki saba. Alikodi seva tatu kutoka kwa kampuni moja inayokodisha mashine kwa njia ya mtandao, kila moja katika jumba lake huko Ohio, ili hata jumba moja likiungua mawili yabaki. Alizifungamanisha hivi kwamba neno lililoandikwa kwenye moja liliandikwa papo hapo kwenye zote. Nilimwuliza itakuwaje moja ikipotea, naye akageuza karatasi na kunichorea duara tatu. Siwezi kusahau jinsi alivyoeleza, taratibu, kama mtu mwenye kipindi kizima mbele yake.

"Kila moja ina kura moja," alisema. "Moja ikinyamaza, mbili zilizobaki zinaulizana: unanisikia? Nakusikia. Sisi ni wengi kuliko yule, basi kazi iendelee. Na yule aliyepotea, kama bado yu hai huko aliko, anajihesabu na kuona yuko peke yake. Anafunga mdomo. Haandiki kitu mpaka arudi kwa wenzake."

"Kwa nini afunge mdomo?"

"Kwa sababu akiendelea kuandika peke yake, kutakuwa na ukweli wa aina mbili juu ya mgonjwa mmoja. Na kila upande utajiona uko sawa."

Siku ya kujaribu, Ijumaa alasiri, aliwaita watu wote, akamwambia Wambui achague seva ya kuzima. Wambui akachagua Pili. Elkanah akaizima. Tukatazama skrini. Majina ya wagonjwa yaliendelea kuja kama maji. Akaiwasha tena, akaizima Tatu badala yake, kisha Kwanza, na kila mara kazi haikukatika. Wahudumu wawili wa Kikongo waliokuwa wamekuja kuchukua glavu walipiga makofi. Elkanah alifuta miwani yake kwa ncha ya shati na hakujua pa kutazama. Kwa muda niliokuwa pale, sikumwona tena amefurahi hivyo.

Jumatatu iliyofuata, tarehe kumi na sita Oktoba, Maurice aliitisha mkutano. Mimi niliandika kumbukumbu, kama kawaida.

"Kazi nzuri, Mwalimu," alianza. "Swali langu ni dogo. Kiongozi ni nani?"

"Kiongozi, Mzee?"

"Kati ya hizo mashine zako. Nani mkubwa?"

"Hakuna mkubwa. Zinakubaliana. Zilizo nyingi zikisikizana, zinaendelea."

"Hakuna mkubwa." Maurice alitutazama mmoja mmoja, akitabasamu. "Na zote tatu ziko Ohio, kwa watu wasionijua wala mimi siwajui. Hapa chini ya paa langu hakuna hata moja."

"Ndiyo usalama wenyewe, Mzee."

"Usalama wa nani? Hapana. Moja italetwa hapa ofisini. Nimeshanunua, tena kubwa kuliko hizo za kukodi. Na hiyo ndiyo itakayokuwa na neno la mwisho."

Elkanah alieleza kwamba seva ya ofisini ingeweza kuwa mmoja wa watatu, si vibaya sana, mradi iwe na kura moja kama wenzake.

"Kwa hiyo hizo mbili za kukodi zinaweza kukaa huko Ohio, zikaipigia yangu kura, ikatoka?"

"Ikipotea tu, Mzee. Mtandao ukikatika."

"Ikipotea." Maurice alicheka, na kwa hiyo wote wakacheka. "Mwalimu, wewe ni Mkisii kama mimi. Ulishaona wapi watoto wawili wanapiga kura baba atoke nyumbani?"

"Labda Nyamira wanafunzi ndio huchagua mwalimu mkuu," alisema Wambui. "Ndiyo maana alikimbia."

Kicheko kilipokwisha Maurice aliuliza kama inawezekana seva moja ipewe kura zaidi. Elkanah hakuwa mtu wa kudanganya. Akasema inawezekana.

"Basi ipe tatu. Hizo nyingine moja moja."

Elkanah akanigeukia mimi, si Maurice, akasema polepole ili nipate kuandika: "Naomba hili liandikwe. Seva ya ofisi ikitengwa na nyingine, itajihesabu kuwa ndiyo wengi, kwa sababu ina kura tatu kati ya tano. Itaendelea peke yake. Sisi humu ndani tutaona kila kitu kiko sawa. Zile za Ohio zitanyamaza, na wahudumu walio nje hawataona chochote kipya. Simu zao zitawaonyesha maagizo ya zamani."

Niliandika maneno hayo yote. Maurice alingoja nimalize, kisha akasema, "Andika pia: Mkurugenzi amesikia, na ameamua." Nikaandika. Alikuwa ameileta barua ile mkutanoni ndani ya faili la buluu, na aliipigapiga kwa kidole wakati Elkanah akikubali.

Seva mpya iliwekwa katika kabati lile lile karibu na choo. Ofisi ikaiita Mzee. Elkanah alifuta jina la Kwanza daftarini na kuanzia siku ile aliita: "Mzee." "Yupo." "Pili." "Yupo." "Tatu." "Yupo."

Miezi mitatu ilipita bila hitilafu. Katika miezi hiyo nilimjua kidogo, wakati wa chai. Alikuwa na tabia ya kunipa nusu ya chapati yake bila kuuliza kama nataka, kisha kuendelea kusoma. Siku moja nilimwuliza juu ya ualimu, akanisimulia jinsi kalamu ya mtoto ilivyoibwa darasani. Walimu wengine wangepekua mikoba, au wangechapa darasa zima. Yeye alisimama mbele ya darasa, akakunja mikono, akangoja. Alingoja tangu kipindi cha pili mpaka kengele ya chakula.

"Ulijua ni nani?" niliuliza.

"Tangu mwanzo. Alikuwa anatoka jasho." Akamenya chungwa. "Lakini nikimtaja mimi, anakuwa mwizi tu. Akisimama mwenyewe, anakuwa kitu kingine."

"Alisimama?"

"Alisimama. Huwa wanasimama."

Jumanne ya pili ya Januari baridi ilikuwa ya kuumiza meno. Saa mbili na dakika kama kumi mafundi waliokuwa wakichimba barabara nyuma ya duka la matairi, bomba likiwa limepasuka kwa barafu, waliukata waya wa mtandao wa jengo letu. Barua pepe zilikwama. Elkanah aliingia na theluji mabegani, akaketi, akafungua daftari.

"Mzee," alisema. "Yupo." Kisha, "Pili." Akangoja. "Pili." Akangoja tena. "Tatu." Hakuitikia.

Alisimama akiwa bado na kofia kichwani na kwenda mlangoni kwa Maurice. Maurice alikwisha kuliona tatizo, ila aliliona kwa namna yake. Alitoka ofisini mwake uso ukimeremeta.

"Njooni muone," alituita. "Mtandao umekatika tangu asubuhi. Google hakuna, barua pepe hakuna. Lakini tazameni." Akaelekeza skrini ya Wambui, na hapo majina ya wagonjwa yalikuwa yakishuka vizuri, na Wambui alikuwa akiandika, na alichoandika kilikubaliwa. "System yangu iko hai. Kama ningemsikiliza Mwalimu, sasa hivi tungekuwa gizani."

"Mzee," Elkanah alisema, "hai ni humu ndani tu. Huko nje hawaoni kitu. Kila tunachoandika sasa kinaishia kabatini. Naomba tuwapigie wahudumu simu, mmoja mmoja. Tuwaambie wasifuate simu zao mpaka wapate neno kutoka kwetu."

"Wahudumu sabini?"

"Tuko watu sita hapa. Ni nusu saa."

Alinigeukia. "Fiona, ile orodha ya namba."

Orodha ilikuwa kwenye droo yangu. Niliitoa. Nilikuwa nimeinyosha kumpa, na ncha ya karatasi ilikuwa tayari kwenye vidole vyake, Maurice aliposema bila kupaza sauti, "Fiona, rudisha hiyo."

Nikairudisha.

"Mwalimu," Maurice aliendelea, "unataka kuwaambia watu sabini kwamba kampuni yangu imekufa, na wao wawaambie wagonjwa, na watoto wa wagonjwa wapige simu kwa serikali. Na huku unaiona hiyo hapo, iko hai. Kwa nini? Ili ionekane ulisema kweli Oktoba?"

"Si hivyo."

"Barua yako nilikuwa niitie saini wiki hii. Dinah hajambo? Yule binti yako mkubwa, Kerubo, anamaliza high school lini?"

"Mei."

"Mei. Keti, Mwalimu. Ngoja fundi wa waya."

Elkanah aliketi. Nataka liandikwe hili kama lilivyokuwa: alisimama kwa muda mfupi, mikono ikining'inia, akamtazama Wambui, akanitazama mimi, kisha akaketi, na wote tukaendelea na kazi. Kofia hakuivua. Chai hakuimimina.

Saa tatu Wambui alipokea simu ya daktari juu ya Bi Lindquist wa Woodbury, mwenye miaka themanini na minne. Bibi huyo alikuwa na kisukari na kwa siku mbili alikuwa amekataa chakula. Daktari aliagiza sindano yake ya insulini ipunguzwe, kutoka vipimo thelathini na sita hadi vinane. Wambui aliandika vinane. Skrini ikaonyesha alama ya kijani. Akaendelea na mgonjwa mwingine.

Saa nne Générose, mhudumu wa Kikongo aliyekuwa na mwaka mmoja kazini, alifika kwa Bi Lindquist. Simu yake ilipokosa jibu kutoka Ohio, ilimwonyesha orodha ya jana. Thelathini na sita. Alimchoma, akamsafisha, akamfunika blanketi, akaenda kwa mgonjwa wa pili. Binti wa bibi alipokuja saa saba na supu alimkuta mama yake haamki.

Waya uliunganishwa saa saba kasoro dakika ishirini. Elkanah aliita tena. "Mzee. Yupo. Pili. Yupo. Tatu. Yupo." Alama tatu nyekundu. Dakika arobaini baadaye simu ya Woodbury ikalia, na Wambui ndiye aliyeipokea.

Bi Lindquist alikufa hospitalini siku ya tano.

Siku hiyohiyo Maurice aliniita ofisini mwake na kufunga mlango. Alikuwa mpole. Aliniuliza hali ya mama yangu kule Eldoret, akaniuliza kibali changu kinaisha lini, ingawa alijua, kwa sababu nacho kilikuwa na jina la kampuni yake. Kisha akasema, "Kumbukumbu za Oktoba ni ndefu mno. Kumbukumbu nzuri ni fupi. Zifupishe."

Hakusema nini kitoke. Nilirudi mezani, nikafungua faili. Elkanah alikuwa pembeni yangu, mita moja, akisoma karatasi zake. Nilifuta onyo lake, nikafuta sentensi ya Mkurugenzi amesikia. Nikaweka: Bwana Elkanah ameeleza mpangilio wa seva, na mkutano umeukubali. Haikuchukua muda wa kuchemsha maji.

Mkutano wa wafanyakazi wote ulifanyika wiki iliyofuata. Mwanasheria wa kampuni aliketi mwisho wa meza bila kuvua koti. Kwanza alisimamishwa Générose.

"Miye nilifanya vile téléphone ilinionyesha," alisema. Alikuwa ameshika simu yenyewe kwa mikono miwili, kama ushahidi. "Iliandika trente-six, thelathini na sita. Muangalie, bado iko na photo."

"Simu haina cheti, dada," Wambui akamwambia. "Wewe unacho. Au ulikuwa nacho."

Hakuna aliyecheka safari hii, lakini hakuna aliyenyanyua uso pia. Générose aliambiwa aache beji yake mezani. Aliitoa shingoni, ikanasa kwenye kitambaa cha kichwa, ikabidi mwenzake amsaidie.

"Sasa Mwalimu," alisema Maurice. "Simama utufundishe. Nani alitengeneza mfumo huu?"

"Mimi."

"Nani alijua unavyofanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote humu?"

"Mimi."

"Na mama wa watu amekufa. Una la kusema?"

Elkanah alirekebisha miwani. "Naomba kumbukumbu za tarehe kumi na sita Oktoba zisomwe."

Mwanasheria aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Maurice alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayeruhusu watoto kucheza dakika tano zaidi. "Fiona, soma."

Nikasoma. Sauti yangu ni ndogo, ikabidi mwanasheria aniambie nirudie. Nikasoma mara ya pili: Bwana Elkanah ameeleza mpangilio wa seva, na mkutano umeukubali. Nilipofika mwisho wa ukurasa nilibaki nimeishika karatasi.

Watu watano katika chumba kile walikuwapo Oktoba na walisikia kila neno. Wambui alikuwa akitazama kucha zake. Elkanah hakumtazama Wambui wala Maurice. Alinitazama mimi, mikono ameikunja kifuani, uso hauna hasira yoyote, na akakaa hivyo. Treni ilipita chini. Maji yakatikisika kwenye glasi. Nilidhani anatazama dirisha lililokuwa nyuma yangu.

"Mwalimu, darasa linangoja," alisema mtu, na wachache wakacheka puani.

Elkanah alikunjua mikono. "Basi ni mimi niliyekosea," alisema.

Maurice alisema tusimame tuombe. Alimwombea marehemu, akaiombea familia yake, akaiombea kampuni, na mwisho akamwombea ndugu yetu Elkanah, Bwana amfundishe unyenyekevu. Aliomba kwa dakika nyingi. Aliposema Amina aliitoa ile barua kwenye faili la buluu, akaichana mara mbili, akampa Elkanah vipande ili, alisema, asije akadhani bado iko kwenye droo.

Mwezi wa Februari kampuni ilimwajiri mtaalamu kwa siku mbili. Alikuta mchoro wa zamani wa Elkanah, duara tatu, kura moja kila moja, zote Ohio. Akasema mchoro ni mzuri sana, nani aliuchora. Akaurudisha mfumo ulivyokuwa. Seva iitwayo Mzee ilizimwa, na kabati likawekwa tena ndoo na fagio.

Elkanah aliandika maombi ya kazi mengi katika siku zile sitini baada ya kuachishwa kazi. Kila mwajiri alimpigia simu mwajiri wake wa mwisho. Kanisani watu waliwaambia Dinah na yeye kwamba wanawaombea, kisha wakauliza kochi wataliacha kwa nani, na gari, na vyungu. Wambui alichukua kitanda cha Kerubo. Walikuja kukibeba binti mwenyewe akiwa amekikalia, anafanya kazi ya shule, na baba yake alipomwomba ainuke alijibu kwa Kiingereza kwamba amesikia, dakika moja tu, amalize aya.

Nilikwenda nyumbani kwao Saint Louis Park siku mbili kabla hawajasafiri, nikiwa na boksi la vitu alivyoviacha ofisini: chupa ya chai, rula, kofia ya sufi. Sikuwa na sababu nyingine ya kwenda ninayoweza kuitaja. Sebule ilikuwa tupu, na sauti zilirudi ukutani. Dinah alinipa maji, akaenda chumbani kufunga masanduku. Hakuketi nami.

Elkanah alikuwa sakafuni, ameegemea ukuta, daftari mapajani. Alilifungua mahali palipokuwa na alama akanigeuzia nisome. Tarehe kumi na sita Oktoba. Chini ya alama tatu nyekundu, kwa mwandiko wake wa ubaoni: Leo nimeonya juu ya kura tatu. Mkurugenzi amesikia na ameamua. Fiona ameandika yote.

Nilisoma mara mbili. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wake siku ile ya mkutano. Nililiona jalada lake likichungulia. Alikuwa nalo wakati nikisoma, na alikuwa nalo wakati wa maombi.

"Ulijua nimefuta," nilisema. "Daftari ulikuwa nalo. Mbona hukusema?"

Alilichukua daftari lake, akalifunga.

"Nilikuwa nangoja wewe usimame."